Msumeno wa Meza na Kiti cha Baba Mkwe

Siku mashine ilipofika, gari la mume wangu lililala nje kwa mara ya kwanza tangu tulinunue, na mpaka leo hajanisamehe. Ni gari dogo jeupe, limechoka, mlango mmoja unafunguka kwa ndani tu, lakini yeye hulifunika turubai kila jioni hata likiwa bandani. Nilimwambia alitoe, banda nalitaka mimi. Akauliza la nini. Nikamwambia la karakana. Akacheka, akaingia ndani kunywa chai, na alipotoka akakuta nimeshatoa matairi yake ya akiba, ndoo zake za rangi iliyokauka na baiskeli isiyo na mnyororo, vyote nimevipanga uani.

Mashine ililetwa na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ndani ya boksi zito lililofungwa kamba za plastiki. Dereva na mimi tukalishusha. Mume wangu alisimama mlangoni akitoa maelekezo: kushoto, kulia, taratibu, mtaangusha. Mgongo wake haumruhusu kunyanyua vitu ila unamruhusu sana kuelekeza.

Nilikuwa nimestaafu miezi minane. Nilikuwa nesi wa chumba cha upasuaji, miaka thelathini na kitu ya kuwapa madaktari visu na mikasi na kuwanyamazisha wanapojidai. Walinipa keki na kitenge, wakaniambia nikapumzike. Nikapumzika wiki moja, ya pili nikaanza kugombana na kuku. Wenzangu wastaafu wanaangalia mahubiri kwenye simu. Mimi niliangukia video za wazungu wa makamo wanaopasua mbao kwenye mabanda yao ya magari, wala hawasemi sana, mbao inaingia huku inatoka kule imenyooka, na mimi nimekaa kitandani saa tano asubuhi nimeacha mdomo wazi. Nikautamani msumeno wa meza vibaya sana. Sioni aibu kusema.

Ila sababu niliyompa mume wangu ilikuwa baba yake, na ilikuwa sababu ya kweli.

Baba mkwe wangu anakaa Kirua Vunjo, kwenye kihamba chake cha migomba na kahawa. Anakaribia miaka tisini na ni mjane. Akili iko sawa, ulimi uko sawa zaidi, tatizo ni nyonga. Akishasimama anatembea vizuri na mkongojo wake. Kuinuka ndiyo hawezi. Wanawe walioko Dar, kwa mapenzi yao, walimletea sofa wakati wa Krismasi, sofa nene la rangi ya maziwa, lile ambalo ukikaa linakumeza. Baba akikaa, magoti yanakuja karibu na kidevu. Walipiga picha naye, wakala nyama, wakarudi Dar.

Anayemwinua ni mtu wa ng'ombe, mwanaume wa makamo anayekamua na kulisha. Kwa nini asiinuliwe na sisi wanawake? Kwa sababu wanawake tuko wawili, mimi ninayepanda kutoka mjini mara tatu kwa wiki, na mke wa shemeji yangu mmoja wa Dar, aliyebaki palepale kihambani. Wote ni wakwe zake. Na baba ni mtu wa zamani: mke wa mwanao hakugusi, basi, mjadala umefungwa. Unamwamkia kwa mdomo ukiwa umeinama kidogo, mkono hupewi. Kikombe unaweka mezani, humwekei mkononi. Mimi, niliyewageuza nusu ya wanaume wa mkoa huu wakiwa uchi wa mnyama, sikuruhusiwa kumshika kiwiko mzee mmoja.

Sasa mtu wa ng'ombe huondoka saa tatu asubuhi kwenda Chekereni kutafuta mabua ya mpunga ya kulishia, na hurudi saa tisa. Katikati hapo baba yuko ndani ya sofa. Siku moja nikaona chai niliyomwekea imerudi jikoni imejaa vilevile. Kesho kutwa yake hivyo hivyo. Midomo imekauka mpaka inapasuka. Nikamwuliza, akasema hana kiu. Mtu aliyekuwa anamaliza birika peke yake! Nilipoelewa nilihisi kama nimepigwa kofi. Alikuwa anajinyima maji ili asije akabanwa na haja mchana, akiwa na wanawake wawili wasioruhusiwa kumwinua. Nilitoka nje nikasimama migombani nikalia kwa hasira, na sijui hasira ilikuwa ya nani.

Nilimpelekea kiti cha magurudumu nilichoazima, akasema hicho ni cha wagonjwa, nikiondoe kabla jirani hajakiona. Kiti cha plastiki alikikalia siku mbili kikapasuka mguu. Nikapeleka mbao kwa fundi seremala Kiboriloni, nikamchorea kiti ninachotaka: kirefu, kigumu, chenye mikono imara ya kusukumia, mtu akikaa miguu inagusa chini na makalio yako juu ili akijisukuma tu awe amesimama. Fundi akasema nije wiki ijayo. Nilikwenda wiki ijayo saba. Ya nane nilimkuta amelala juu ya mbao zangu mwenyewe, za mringaringa, zilizopasuliwa kutoka kihambani kwa baba. Nikamwamsha, nikabeba mbao zangu, nikamwambia maneno ambayo mke wa mzee wa kanisa hatakiwi kuyajua. Wiki ileile nikaagiza mashine.

Basi tukafungua boksi. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kichina na michoro, na kwenye michoro kila mtu alikuwa anatabasamu. Mume wangu akavaa miwani, akajiteua msomaji. Mimi na spana chini, yeye na kitabu kwenye kiti. Baada ya saa mbili mashine ilikuwa imesimama kwa miguu yake minne, meza ya chuma juu, diski katikati, inapendeza. Kwenye sakafu zikabaki nati tatu.

"Hizo ni za akiba," mume wangu akasema.

Nikamwangalia. Chumba cha upasuaji ukihesabu vifaa, hesabu ikigoma, mgonjwa hafungwi, hata kama daktari bingwa anataka kwenda kula. Nikafungua mashine yote. Akalalamika, akasema nina roho mbaya, akaenda kuangalia mpira. Nilizipata mahali pake nati zile: zilikuwa za kushikilia mota chini ya meza. Ningewasha vile ilivyokuwa, mota ingeshuka kwenye vidole vyangu vya miguu.

Kisha ikaja sakafu. Sakafu ya banda letu aliimwaga mume wangu mwenyewe, na aliimwaga ikiwa imeinama kuelekea mlangoni ili akiosha gari maji yatoke. Ukiweka chungwa kwenye ukuta wa nyuma unalikuta barabarani. Nikaweka pima maji juu ya meza ya mashine, kile kipovu kikakimbilia pembeni. Nikachonga vipande vya mbao nikavisokomeza chini ya miguu miwili ya upande wa mlango, gonga kidogo, angalia, gonga tena, mpaka kipovu kikatulia katikati. Nikajisifu kwa sauti. Kumbuka hili, kwamba siku ile nilijua kabisa kuwa sakafu imeinama.

Diski nayo ina adabu yake. Lazima iwe sambamba na ule ukuta mdogo wa chuma unaoongoza mbao, la sivyo mbao inabanwa na kurushwa. Nikatia alama jino moja la diski kwa kalamu, nikapima na futi kutoka jino hilo hadi ukutani, mbele. Nikaizungusha diski kwa mkono mpaka jino lilelile likafika nyuma, nikapima tena. Tofauti ilikuwa unene wa ukucha. Nililegeza, nikasukuma, nikakaza, nikapima, jioni nzima. Mume wangu akaja kuuliza chakula kitapikwa saa ngapi. Nikamwambia jikoni kuna majiko mawili na yote yanamjua.

Asubuhi yake jirani yetu, mzee wa kanisa mwenzake, alikuja kushangaa. Akasema kifaa cha hatari namna hii hakiwashwi bila sala. Sawa. Akafumba macho, akaombea nyumba, akaombea umeme, akaombea vidole vyangu, vya kulia kwanza, halafu vya kushoto. Alipofika kwenye amina nikabonyeza swichi. Mashine ikaguna mara moja, swichi kubwa ikajikata, nyumba nzima ikazima. Mzee wa kanisa akasema tutaomba tena. Nikamwambia ngoja kwanza, ni waya. Nilikuwa nimechomeka kwenye waya ule mwembamba wa kuchajia simu. Nikaleta waya mnene kutoka kwenye soketi ya jiko, nikabonyeza.

Jamani! Ikalia. Nikashika ubao wa kwanza wa mringaringa, nikausukuma, ukapasuka taratibu kama siagi, na ile harufu tamu ikajaa banda. Nilicheka peke yangu. Miaka yote ile nilikuwa napewa vya kushika ili nimpe mwingine akate, na sasa nakata mimi. Ubao wa tatu niliusukuma vibaya, kipande kikabanwa kikaruka, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama pembeni kama video zinavyosema, kilinipita kikatoka mlangoni kikavunja taa ya nyuma ya gari. Mume wangu hakuniongelesha mpaka Jumapili.

Vikabaki vipimo vya baba. Nilipanda Kirua na futi shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo kamba shingoni ni ya nini?"

"Nataka nimwombe mtu wa ng'ombe akupime mguu, baba. Kuanzia goti mpaka chini."

Akanitazama mimi, akatazama futi, akatazama tena mimi. Kule juu mtu mzima anapimwa siku moja tu, na siku hiyo yeye mwenyewe hayupo kuuliza maswali.

"Mmeshaanza?" akasema. "Mbona hamngoji nife?"

Nikaficha futi kwenye mkoba nikaomba radhi mara tano. Mke wa shemeji alicheka jikoni mpaka akaunguza maziwa. Nikarudi mjini bila kipimo hata kimoja, na chai ya siku ile nayo ilikuwa imerudi imejaa.

Nikampima mwanawe. Mume wangu ni baba yake mtupu, miguu ileile, kiburi kilekile. Nilimkalisha juu ya matofali. Kaa. Simama. Kaa. Ongeza tofali. Simama bila kushika. Akasema yeye si mbuzi wa mnadani. Lakini alijua ni kwa ajili ya nani, akakaa na kusimama mara ishirini na mgongo wake ule.

Nilikitengeneza kiti kwa wiki mbili. Nilikata, nikatoboa, nikaunga kwa gundi na skrubu, nikapiga msasa mpaka mikono ya kiti ikawa laini kama shavu. Siku ya mwisho nikakisimamisha katikati ya banda, kikitazama ukuta wa nyuma wenye vifaa vyangu, nikaweka pima maji juu ya kikalio ili nijisifu. Kipovu kikakimbilia mbele. Kiti kinaanguka nyuma! Nikalaani mashine, nikalaani fundi wa Kiboriloni ambaye hakuwepo, nikaona miguu ya mbele imezidi urefu. Nikaikata kidogo. Bado. Nikakata tena. Nilipomaliza, kipovu kimekaa katikati kabisa, na miguu ya mbele ilikuwa mifupi kwa unene wa kidole kizima na zaidi. Mume wangu alipita akasema safi sana, kimekaa sawa. Wote wawili tumezaliwa mlimani, mahali ambapo hata sufuria linawekewa kijiwe upande mmoja. Mteremko hatuuoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka sakafu.

Tukakifunga juu ya gari tukapanda Kirua. Mtu wa ng'ombe alikuwa bado hajaondoka. Baraza la baba liliwekwa marumaru na wanawe walewale wa sofa, nalo limenyooka kama maji ya beseni. Yule mtu akamwinua baba kutoka kwenye sofa, akamkalisha kwenye kiti changu, akachukua kamba na panga akaondoka. Mke wa shemeji alikuwa sokoni. Mume wangu akaenda migombani kutafuta mkungu wa kubeba mjini. Tukabaki wawili.

Baba akapapasa mikono ya kiti.

"Mringaringa," akasema. "Ule wa kule mferejini."

"Ndiyo, baba."

"Umefanya kazi." Akajivuta nyuma. "Mbona namwagika mbele?"

Nilikuwa nimeshaona. Niliona kikalio kinavyomsukuma, niliona visigino vyake vinavyokaza chini kuzuia, na sakafu ya banda langu ikanijia yote kichwani, na maji ya kuoshea gari yakitiririka kwenda mlangoni. Mimi niliyefungua mashine nzima kwa ajili ya nati tatu!

"Baba, tafadhali usiinuke kwanza. Ngoja mwanao aje."

Hayo ndiyo maneno ya kumwambia mzee yule kama unataka ainuke. Akashika mikono ya kiti, akakunja uso, akajisukuma. Akainuka. Naapa, aliinuka mwenyewe, bila mtu, mara ya kwanza baada ya miezi na miezi, na nikaona uso wake ukifunguka. Halafu hakusimama. Kiti kilikuwa kimemrusha mbele zaidi ya nguvu zake, buti zake za mpira zikateleza kwenye marumaru, na mkongojo ukaanguka upande wake na yeye upande wake.

Nilimdaka. Sikufikiri. Mikono yangu imedaka watu wanaotoka kwenye dawa ya usingizi kwa miaka thelathini, na haikuniuliza huyu ni nani yako. Nikajikuta nimemkumbatia kifua kwa kifua, mikono yangu chini ya makwapa yake, kidevu chake begani kwangu. Alikuwa mwepesi mno. Nilikuwa nimezoea kumwona kwa mbali, ndani ya koti lake kubwa, sikujua kwamba ndani ya koti amebaki mdogo hivyo.

"Yeleuwi," akasema polepole.

"Nisamehe, baba." Sikujua naomba msamaha wa kiti au wa mikono. "Nimekosea miguu. Nikuketishe?"

"Uniketishe wapi? Kwenye hilo balaa?"

Nikangoja anitukane. Nilikuwa tayari. Nilihisi moyo wake unavyopiga, na wangu nao hivyo hivyo, na hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake kwa sababu haiwezekani kumtazama mtu aliye begani kwako.

"Umeolewa hapa miaka mingapi?" akauliza.

"Thelathini na minne, baba."

"Thelathini na minne." Akavuta pumzi. "Aibu ilikuwa yangu, mama. Haikuwa yako."

Machozi yakaanza kushuka, na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

"Sasa usiniachie," akasema. "Nipeleke choo. Nimebanwa tangu asubuhi."

Nikageuka taratibu, nikamshika kiunoni kama nilivyowashika wengine wote, tukavuka ua hatua kwa hatua. Mlangoni akaniamuru nitazame kahawa, nikatazama kahawa. Akachukua muda wake. Alipomaliza akagonga ukuta, nikamfuata.

Kiti tulikiegemeza ukutani. Nilimkalisha kwenye lile sofa, akazama mpaka magotini, na safari hii hakulalamika, kwa kuwa wa kumwinua yupo. Nikaleta chai ya maziwa, nikataka kuiweka mezani kama kawaida, akanyoosha mkono akaipokea. Alikunywa kikombe chote, akaomba kingine, na muda wote huo mkono wake wa pili haukuuachia wangu.